Fundi Ishaka Mwarandu na Breki za Lori la Kaloleni

Jumamosi hii, tarehe 31 Desemba 1949, Fundi Ishaka Mwarandu anamaliza kazi katika karakana yetu ya Changamwe, baada ya miaka ishirini na sita ya kulala chali chini ya magari ya watu. Wengi wetu tuliajiriwa tukamkuta. Magari mengi aliyoyatengeneza yamekwisha kuwa chuma chakavu nyuma ya ua, na yeye bado yupo, ingawa si kwa afya ile tuliyoizoea.

Kazi ya kuandika maneno haya nimepewa mimi, Nguma Kitsao wa stoo ya vipuri. Sikuchaguliwa kwa ufasaha wangu. Dirisha la stoo linatazamana na shimo analofanyia kazi, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiona nyayo za viatu vyake zaidi ya uso wake.

Alianza mwaka 1923 kama msukuma magari. Wakati huo magari yalikuwa hayawaki mpaka yasukumwe, na kijana mwenye mabega hakukosa kazi. Alikuwa ametoka Rabai, amesoma kidogo misheni, na alikuwa na tabia iliyowaudhi mafundi wa siku hizo: gari likishawaka, wenzake walirudi kivulini, yeye aliinama kutazama kilichokuwa kikizunguka chini. Mwishowe fundi mmoja alichoka kumfukuza akampa spana. Breki za zamani zilikuwa za vyuma na nyaya tu. Zilipokuja breki za mafuta, mafundi kadhaa walizikimbia, wakisema haiwezekani maji yakasimamisha lori. Ishaka aliziomba. Tangu hapo, breki zote za karakana hii zimekuwa zake.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa Likoni wanakisimulia mpaka leo. Jumapili moja Ishaka alikuwa amevaa suruali nyeupe, anakwenda kanisani, akakuta gari la arusi kutoka Shika Adabu limekwama kwenye mteremko wa kivuko. Magurudumu ya nyuma yameshikwa, bibi arusi yumo ndani analia, na foleni nyuma inapiga kelele. Ishaka alilala chini vilevile na suruali yake. Aligonga kwa nyundo mara chache, waya wa handibreki uliokuwa umeliwa na kutu ukaachia, gari likashuka kwenye kivuko kama kwamba halikuwa na neno. Suruali ilikuwa haitazamiki. Mama wa bibi arusi alivua leso yake ya pili akamfunga kiunoni, na Fundi Ishaka aliingia kanisani akiwa na leso ya maua, akaimba nyimbo zote. Mkewe, Agneta, alikaa benchi lingine.

Ningependa kuendelea na visa vya namna hii, navyo viko tele. Lakini wasifu wa Fundi Ishaka usiotaja lori la Kaloleni utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 1944. Vita vilikuwa vinaendelea, na vipuri vilikuwa haba kuliko nyama. Chakula nacho kilikuwa haba huko bara ya Rabai na Kaloleni, na lori letu moja lilipewa kazi ya kupeleka unga. Dereva wake alikuwa Kahindi Nzai, mume wa Kahaso, na Kahaso ni mdogo wake Ishaka wa tumbo moja. Kwa hiyo Kahindi na Ishaka waliitana mlamu, kama tunavyowaita mashemeji huku kwetu, na nyumba zao za kampuni zilikuwa ukuta mmoja. Kahindi alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa akifika langoni anapiga honi kwa mdundo wa ngoma, hata mlinzi anacheza.

Siku moja alirudi bila kupiga honi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yakitoa moshi.

"Mlamu, breki zinang'ang'ania," alisema. "Nikishuka mlima wa Rabai zinashika, kisha haziachi. Nimelivuta lori kama navuta ng'ombe asiyetaka."

Ishaka aliinua lori kwa jeki. Magurudumu yalikuwa yamekwisha poa, na alipoyazungusha kwa mkono yalizunguka bila shida. Hata hivyo alifungua madramu, vile vikombe vya chuma vinavyofunika breki, akasugua kutu, akabadilisha springi zinazorudisha viatu vya breki mahali pake. Lori likaenda, likarudi na moshi ule ule. Akafungua silinda ndogo za magurudumu, akatia mipira mipya niliyompa mimi. Lori likarudi linanuka kuungua. Safari ya tatu alifungua silinda kuu chini ya pedeli, akaipima, akaisafisha, akairudisha. Kila mara alilizungusha lori ndani ya ua, na kila mara breki zilishika na kuachia kama inavyotakiwa. Kwenda nalo nje ya lango hakuruhusiwa. Petroli ilikuwa ya mgao, na karakana ilikuwa haina mgao wa kujaribia.

Hapo maneno yakaanza. Handibreki hushika magurudumu ya nyuma, na yaliyoungua yalikuwa ya nyuma. Basi madereva wakasema Kahindi anaendesha huku handibreki haijashuka sawasawa, akili yake iko kwenye honi. Walisema kwa mzaha kwanza. Kisha tairi mbili za nyuma zikapasuka kwa joto karibu na Mazeras, unga ukalala njiani, na watu waliokuwa wakiungoja Kaloleni wakarudi makwao mikono mitupu. Mzaha ukaisha.

Msimamizi wetu, Bwana Salem, alimwita Kahindi ofisini. Bwana Salem ni mtu wa Mombasa dahari na dahari, mtaratibu, hainui sauti. Wakubwa wake walikuwa wamemwuliza habari za tairi, na tairi wakati ule ilikuwa kama dhahabu. Aliniita na mimi nieleze vipuri vilivyotumika, na akamwita Ishaka.

"Fundi Ishaka," alisema, "nakuuliza mbele ya mwenyewe, ili pasiwe na fitina. Breki za lori lile zina ubovu, au hazina?"

"Nimezifungua zote, bwana."

"Hilo nalijua. Nauliza zina ubovu?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikamwona akipangusa mikono kwa kitambaa ingawa mikono ilikuwa safi. Kisha akasema:

"Hazina."

Kahindi alimgeukia. "Mlamu, handibreki siigusi ila nikisimama. Wewe wanijua."

"Nakujua," Ishaka alijibu. "Lakini nimeulizwa breki."

Kahindi aliachishwa kazi siku hiyo. Nyumba ya kampuni ilibidi irudishwe, na Kahaso akapanga vyombo na watoto juu ya mkokoteni, wakaenda Utange, Kisauni, kwenye kiunga cha jamaa zake Kahindi. Ishaka alitoka kuwasaidia kubeba kitanda. Kahindi alimwachia ashike upande mmoja. Kahaso alikuja akamwondoa mkono, akashika yeye.

Lori akapewa Barakat, mtu makini ambaye hata maji ya kunywa huyachungulia kwanza. Kwa kuwa Ishaka alikuwa amebadilisha karibu kila kitu, na safari za Barakat za mwanzo zilikuwa za hapa hapa Changamwe na Miritini, kwenye tambarare, lori halikusumbua. Watu wakasema, mwaona? Mvua zilipokatika Barakat akapakia unga wa Kaloleni. Alirudi jioni, akaliacha lori katikati ya ua, akaja moja kwa moja mpaka pale Ishaka alipokuwa anakunywa chai.

"Fundi, handibreki sikuivuta hata mara moja tangu langoni," alisema. "Njoo unuse."

Ishaka alikwenda akanusa. Hakurudi kumaliza chai.

Kesho yake alimwendea Bwana Salem akaomba lori, mzigo kamili, na petroli ya kwenda mpaka Rabai na kurudi. Bwana Salem alitoa petroli ya gari lake mwenyewe. Kabla ya kuondoka, Ishaka aliifungua fimbo ya handibreki kabisa akaiacha kwangu stoo, ili pasiwe na wa kuisingizia tena. Barakat akaendesha, Ishaka akakaa kando yake. Yaliyotokea huko nilielezwa na Barakat, maana Ishaka mwenyewe hakuyasimulia.

Kwenye mteremko wa Rabai, breki zilipokwisha kanyagwa mara nyingi, lori lilianza kuwa zito. Barakat aliondoa mguu, lori likaendelea kuwa zito. Ishaka akamwambia asimame, asizime, asiguse kitu. Akatia mawe mbele ya magurudumu, akaingia chini na spana wakati madramu yamewaka moto.

Mafuta ya breki husafiri kutoka silinda kuu kwa bomba la chuma, na kabla ya kufika magurudumu ya nyuma hupita kwenye kipande cha mpira, kwa sababu ekseli inarukaruka na chuma kingekatika. Ishaka alilegeza kiungo cha bomba mbele ya ule mpira. Kama shida ilikuwa kwenye silinda kuu, mafuta yangeruka hapo na magurudumu yangeachia. Yalidondoka tone tone, na magurudumu hayakuachia. Akakifunga. Akaenda nyuma ya mpira, kwenye skrubu ndogo ya gurudumu inayotolea hewa, akailegeza. Mafuta yalimrukia usoni. Barakat alisikia lori lote likishusha pumzi, magurudumu yakawa huru.

Kwa hiyo kilichokuwa kimeyafungia mafuta kilikuwa katikati ya pale mbele na pale nyuma, na hapo katikati hapakuwa na kitu ila mpira. Mara zote alizolifungua lori lile, mpira ule aliufuta vumbi, akaukunja, akaona haujapasuka wala hauvuji, akaurudisha. Mpya haukuwapo stoo, wala Mombasa nzima.

Barakat anasema Ishaka alikaa chini ya lori kitambo kirefu baada ya hapo, kazi imekwisha, hatoki. Alipomwita, alijibu "naam" tu. Walirudi polepole.

Mpira aliukata ncha moja juu ya meza yangu, mbele ya Bwana Salem. Nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani, utando wake ulikuwa umebambuka ukawa kama ulimi. Mguu wa dereva ulipokanyaga, mafuta yalisukuma ulimi yakapita. Mguu ulipoondoka, ulimi ulilala ukaziba, kama mlango wa dema, samaki anaingia hatoki. Lori likisimama uani, mafuta yalipenya kidogo kidogo mpaka breki zikaachia zenyewe. Ndiyo maana hakuwahi kulikuta lina ugonjwa.

"Nilisema hazina," Ishaka alisema. "Ilinipasa kusema sijauona."

Bwana Salem aliushika mpira kwa vidole viwili. "Na mimi ilinipasa nikuulize vingine," alisema. Kisha akasimama. "Kamrudishe. Kesho asubuhi nataka kumwona kwenye usukani, inshallah."

Tulikwenda wawili, Ishaka na mimi. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Mishomoroni, tukafika Utange jua limepanda. Ishaka alitembea upesi, na kwa mara ya kwanza tangu lile neno ofisini alikuwa anazungumza kwa uchangamfu. Alisema wataoga Kahindi na yeye, watakula, watarudi pamoja jioni ile ile.

Tulimkuta Kahindi barazani juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa amepata kibarua kwenye machimbo ya mawe, na ukuta wa machimbo ulikuwa umeporomoka wakati wa mvua. Jiwe lilimkalia mguu wa kulia. Mifupa ya kifundo ilikuwa imesagika. Hospitali walimwambia itaungana, lakini mguu hautakunjika tena. Kahaso hakuleta habari Changamwe. Na sisi wa Changamwe hatukuwa tumekwenda kuuliza.

Ishaka alisimama pale na mpira mkononi. Hakujua auweke wapi.

"Karibuni," Kahindi alisema. "Mlamu, nini hicho?"

"Ni mpira wa nyuma. Wa lori lako."

Kahindi aliupokea, akautazama kwa ndani, kisha akauweka mdomoni akapuliza. Hewa ikapita. Akaugeuza, akapuliza upande wa pili, mashavu yakamjaa, hewa haikupita.

"Kumbe," alisema. Akaugeuza tena, akapuliza tena, kama mtu anayejaribu filimbi. "Ilishika wapi?"

"Mteremko wa Rabai."

"Nilikwambia ni pale."

"Ulinambia, mlamu."

Ishaka alimweleza yote, handibreki aliyoiacha kwangu, kiungo cha mbele, skrubu ya nyuma. Kahindi alisikiliza kama dereva asikilizavyo habari za njia, akauliza maswali, mara moja akacheka hata. Ishaka alipofika kwenye ujumbe wa Bwana Salem, kwamba kesho anatakiwa kwenye usukani, Kahindi aliutazama mguu wake, na kila mtu barazani akautazama. Huo ndio mguu wa breki.

Kahaso alitoka na maji. Kata moja alinipa mimi mkononi. Ya kaka yake aliiweka chini.

"Kaka," alisema, "wewe ndiye uliyeulizwa."

Tulirudi kwa miguu mpaka darajani.

Bwana Salem alimpelekea Kahindi kazi ya ulinzi wa lango. Kahindi alishukuru akaikataa. Alisema hawezi kukaa langoni akiyatazama magari ya wenzake yakitoka. Alikaa Utange akisuka kamba za usumba wa nazi mpaka mwaka 1947, homa ilipomchukua. Siku ya maziko Ishaka alifika mapema, na Kahaso akamruhusu ashike jembe.

Ninyi mliokuja baadaye mnamjua Fundi Ishaka wa baada ya hapo. Ni yule anayekataa gari lisitoke mpaka limebebeshwa mzigo na kupandishwa mlima, na Bwana Salem akamkubalia, mgao au si mgao. Ni yule ambaye kabla hajashika spana humkalisha dereva chini na kumwuliza: ilianza wapi, ulikuwa umebeba nini, mguu ulihisi nini? Na dereva akisema upuuzi, humsikiliza mpaka mwisho. Mafundi aliowafundisha wanajua kwamba mbele yake neno "hakuna ubovu" halisemwi. Tangu mwaka ule, hakuna lori la karakana hii lililoua mtu kwa sababu ya breki. Hiyo ni sifa kubwa, naye akisifiwa hutoka nje.

Sasa kifua chake kimechoka. Vumbi la breki alilokuwa akilipuliza kwa mdomo kutoka kwenye madramu limemwachia kikohozi kisichosikia dawa, na daktari amemwambia aache kazi kabla kazi haijamwacha. Anahamia Utange yeye na Agneta, kwenye kishamba kidogo.

Watu walichanga mawazo juu ya zawadi ya kumuaga. Wengi walitaka saa. Nilipomwendea kumwuliza, alisema saa hataki.

"Madereva wana msemo," aliniambia. Nilijua msemo anaousema, na ninyi mnaujua. Mtu akisahau handibreki humu uani, huambiwa, "Usiwe Kahindi." Wanaousema siku hizi hawakumjua mwenyewe. Wengine hawajui kama Kahindi alikuwa mtu. Mwezi uliopita dereva mpya aliusema mbele ya Ishaka, watu wakacheka, na mimi nikamwona Ishaka akienda kulala chini ya gari ambalo halikuwa na kazi yoyote.

"Nilisema neno moja mbele ya watu watatu," aliniambia, "na limefika kwa watu ambao hawajazaliwa. Mimi sina sauti ya kulirudisha. Siku ya kuniaga watu wote watakuwapo. Lirudishe wewe."

Basi nalirudisha, kwa idhini ya Bwana Salem na kwa niaba ya karakana nzima. Kahindi Nzai alikuwa dereva mzuri. Handibreki yake ilikuwa chini. Lori lilikuwa bovu, nasi hatukuuona ubovu wake, tukamhukumu mtu. Msemo ule tunauzika leo, na atakayeutamka humu baada ya leo ajue amemtusi marehemu asiye na kosa.

Fundi Ishaka, asante kwa miaka yote, na kwa maisha ya watu waliofika makwao bila kujua kwamba ulikuwa chini ya gari lao asubuhi ile. Mungu akupe wewe na Agneta hewa safi, mvua kwa wakati wake, na usingizi mzuri.

Tulimwalika Kahaso. Alijibu kwamba hatakuja kula wala kupiga makofi, ila atakuja kusikia kama litasemwa. Mama Kahaso, popote ulipoketi humu: limesemwa.

Nguma Kitsao
Stoo ya Vipuri, Changamwe